Mbuzi wa Bwawani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema mapema ili msomaji asitarajie safari. Kwa miaka sita kabla ya mambo haya nilivuka daraja la mto Turkwel mara mbili tu, na moja kati ya hizo nilikuwa nimemfuata kuku aliyetoroka. Nilikuwa nikiishi Lodwar katika boma la mama, kazi yangu ikiwa kutengeneza redio na simu barazani. Anayeleta simu hunikuta nimekaa, anayekuja kuichukua hunikuta nimekaa, na katikati hapo hakuna shahidi wa kusema kama niliinuka. Mama huwaambia wageni kwamba Mungu alimpa watoto wawili, msichana na kiti.

Msichana ni dada yangu mkubwa, na yeye ndiye aliyepewa miguu yote ya familia. Yuko Kakuma, ana hoteli ya samaki wa kukaanga kwenye njia ya kutoka mjini kwenda kambi ya wakimbizi. Hoteli yenyewe ni mabati matatu, jiko la kuni, mabenchi mawili, na harufu inayotangulia mbele kuitangaza. Samaki hutoka Kalokol, ziwani, juu ya lori. Kwa miaka kumi na mmoja amekaanga kwenye ardhi ya watu, na mara nne mwenye ardhi amekuja na maneno matamu kumwambia ahame. Mara nne amelibeba jiko kichwani likiwa bado na joto. Hajawahi kuweka sakafu ya saruji, kwa sababu, anasema, saruji haikunjiki.

Kisha ikapatikana nafasi. Nyuma ya hoteli kuna kiwanja kilichokuwa wazi, karibu na kisima cha kuchimbwa, na dada na wanawake wenzake wanne walikiomba wachimbe bwawa la samaki. Vijana wa kuosha pikipiki nao walikuwa wamekiomba, kwa sababu maji ni maji. Wazee wa eneo waliamua kwa njia ya wazee, yaani waliahirisha. Walisema kikundi cha akina mama kichimbe kwanza, na kabla ya mvua afisa wa samaki aje atazame. Akikuta samaki hai wanaoendelea vizuri, kiwanja ni cha akina mama pamoja na pale penye hoteli. Asipokuta, vijana walete pampu yao.

Kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa hilo moja. Samaki wakiwepo, dada yangu anabaki. Wasipokuwepo, jiko kichwani, mara ya tano.

Mimi nilihusikaje? Vifaranga wa samaki aina ya ngege walifika kabla ya bwawa kuwa tayari. Shimo lilikuwa limechimbwa, lakini ile karatasi nzito nyeusi ya kutandika chini ili mchanga usinywe maji ilikuwa imekwama njiani, na samaki hawezi kuambiwa arudi kesho. Walikuja Lodwar kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, wamevimba kama zawadi. Dada akapiga simu. Alisema nyuma ya nyumba yetu kuna lile tangi la saruji alilojenga marehemu baba kwa ajili ya kunyweshea mifugo, na pembeni ya tangi kuna mwanamume mzima asiyekwenda popote. Nilimwambia sijui lolote kuhusu samaki. Akanikumbusha kwamba nilisoma Bayolojia. Ni kweli niliisoma, hadi kidato cha nne, lakini Bayolojia ilinipita kama lori linavyompita mbuzi barabarani: niliona vumbi.

Nikahamishia kiti nyuma ya nyumba. Hiyo ilikuwa safari ya hatua thelathini na nilihitaji kupumzika.

Sasa niwaeleze wale ngege wa kufugwa. Walikuwa na urefu wa kidole changu cha mwisho, na hawakuwa na woga hata chembe. Walizaliwa mahali ambapo kivuli kikipita juu ya maji ni mtu amekuja na chakula. Kwa hiyo ukisimama kandoni, wote wanapanda juu na kufungua midomo, kama kwaya inayongoja noti ya kwanza. Nilifurahi. Nilidhani wananipenda. Siku ya tatu akaja mdiria, yule ndege mweusi kwa mweupe mwenye mdomo mrefu kuliko adabu, anayeishi kando ya mto. Alitua ukingoni, kivuli chake kikaanguka majini, na ngege wote wakapanda juu kumkaribisha. Alikula kama mtu aliyelipiwa. Nilipomfukuza alihamia juu ya mti wa mkoma, akasafisha mdomo, akaningoja nikae tena. Alikuwa ameshanijua.

Mama alikuja kuona ni nini kinanifanya nitukane mchana. Lazima mfahamu kwamba mama hali samaki. Kwa watu wa rika lake, waliokua nyuma ya mifugo, samaki ni chakula cha mtu aliyepoteza ng'ombe akapoteza na aibu. Kazi ya dada yangu humwita "ile biashara", na samaki waliokuwa tangini aliwapita kila siku bila salamu. Lakini siku hiyo alisimama, akatazama mdiria akila na ngege wakijipanga foleni, na nilimwona usoni akikasirika kama mchungaji.

"Hawa ni kondoo," akasema. "Nani amekuambia uchunge kondoo peke yao?"

Nikamwambia hao ni ngege. Akaniambia nyamaza, anajua kondoo anapomwona. Kisha akakaa kwenye kiti changu, jambo ambalo halifanyi kwa wepesi, akanieleza kile ambacho kila mtoto wa boma hujua isipokuwa mimi niliyekuwa ndani nafungua redio. Ukitoa kundi malishoni, unachanganya. Kondoo akimwona fisi anasimama ajiulize ni nani huyo. Mbuzi hajiulizi, anakimbia. Na kondoo, ambaye hakumwona fisi, anaona mkia wa mbuzi ukienda, basi anaufuata. Kondoo wengi wa ukoo wetu walikufa wazee bila kujua kwa nini walikuwa wakikimbia.

"Nenda mtoni," akasema, "ulete mbuzi."

Sijui kama kuna mwanamke mwingine chini ya jua ambaye angemtuma mwanawe kwa maneno hayo. Nilikwenda. Mto uko mwendo wa dakika nane, kumi na tano kwa mwendo wangu. Nilichukua kipande cha chandarua, ndoo na chujio la chai, nikaingia kwenye maji yanayofika gotini, nikaanguka, nikaingia tena. Wanawake waliokuwa wakifua waliniuliza ejok, yaani u mzima, nami nikawajibu ejok noi, mzima sana, nikiwa nimekaa ndani ya maji hadi kifuani kana kwamba ndivyo nilivyokusudia. Visamaki nilivyovitaka viko vingi kando ya mto, vyembamba, vya rangi ya fedha, vingine na mstari mweusi ubavuni, na vina akili kuliko walimu wangu wawili au watatu. Nilitoka na nusu ndoo, na kiatu kimoja.

Siku za kwanza nilidhani mama amenipoteza. Ngege walikaa upande huu, wembamba upande ule, katikati uwanja mtupu, kama wavulana na wasichana kwenye disko ya shule mwalimu akiwa mlangoni. Mdiria alipokuja, wembamba walipotea chini ya mawe kabla sijamwona mimi mwenyewe, na ngege wakapanda juu na midomo yao.

Lakini nilikaa. Ni kipaji changu cha pekee na sijapata mahali pengine pa kukitumia. Nilikaa asubuhi, nilikaa jioni, simu za watu zikawa zinangoja, na taratibu nikaona ule uwanja mtupu unajaa. Kwanza ngege wachache wadogo wakaanza kuzurura pembeni mwa wembamba. Kisha siku moja kivuli kilipita, wembamba wakazama, na wale ngege wachache wakazama nao, nyuma kidogo, kama mtu anayecheka utani ambao hakuusikia. Wiki ya pili wakawa wengi. Wiki ya tatu mdiria alitua, tangi zima likafunga duka. Alingoja. Akaniangalia. Nilimwangalia. Baada ya siku nne za namna hiyo alirudi mtoni kutafuta riziki kwa jasho lake.

Na nilichokiona zaidi, ambacho sikuambiwa na Bayolojia wala mama, ni kwamba nao wembamba walijifunza kitu. Walikuja kutoka mtoni hawajui mkono wangu. Waliwaona ngege wakiukimbilia unga wa dagaa wa omena na pumba, wakafikiri, wakaja. Mmoja alileta woga, mwingine akaleta ulafi, wakabadilishana, na tangi likatulia. Nimeona ndoa zilizosimama miaka mingi kwa vichache kuliko hivyo. Tena hawakuwa wakijipanga kwa jamii. Walijipanga kwa kimo, kama sisi kwenye paredi ya shule: wafupi na wafupi, warefu na warefu, na ngege aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake hakuonekana tena mbele ya kundi la wadogo. Aliyetofautiana kimo ndiye ambaye ndege humtambua kwanza, nadhani hata yeye alilihisi hilo. Nilimweleza mama. Akasema mbona hilo linajulikana.

Ndipo dada akapiga simu. Karatasi imefika, imetandikwa, maji yameingia, afisa anakuja Alhamisi ya wiki ile, niwalete samaki wangali hai. Halafu akasoma masharti ya fomu kwa sauti ya mtu anayesoma asichokipenda: bwawa liwe na ngege wa kufugwa peke yao, samaki wa mtoni hawaruhusiwi.

Nikaangalia tangini.

"Kwa nini umenyamaza?"

Nikamwambia kuhusu mbuzi.

"Umeweka nini kwa samaki wangu?"

Nikamwambia lilikuwa wazo la mama. Akasema mama hali samaki, na sasa ameanza kuwachunga? Kisha sauti yake ikashuka, na dada yangu akishusha sauti mimi huinuka kitini. Alisema vijana wa pikipiki wameshaleta pampu, wameiweka kando ya ukuta wake, wameifunika gunia. Kila asubuhi anapowasha jiko anaitazama. "Toa hao wa mto wote. Asibaki hata mmoja. Umenisikia?"

Nilimsikia. Asubuhi iliyofuata nilikaa kandoni na chujio, nikaanza kuchagua. Wale wembamba ni kama sabuni iliyopewa macho. Ukichota kumi, unapata ngege tisa na mmoja mwembamba anayeruka kabla hujamshika, na ngege hao tisa sasa nao wanajua kuruka. Nilichagua hadi saa sita. Nilikula. Nililala kidogo kwa nia njema. Nilipoamka jua lilikuwa limeegemea upande wa pili, nikatazama tangini na kusema wamekwisha, yaani karibu, yaani wale waliobaki ni wachache kiasi kwamba kuwahesabu kungekuwa ni kuwapa umuhimu. Nikampigia dada nikamwambia nimetoa wote.

Baadaye watu walisema niliona mbali. Sikuona mbali. Nilichoka.

Aliyetubeba ni Msomali mmoja anayesafirisha bidhaa kwa pikapu kati ya Lodwar na Kakuma. Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza ili maji yasipate moto, mapipa mawili nyuma yamefunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na mimi nyuma pamoja nayo, kwa kuwa kila baada ya muda ilibidi nikoroge maji yapate hewa. Kila tulipoingia shimoni nilipiga kelele apunguze mwendo. Mwishowe alisimamisha gari, akaja nyuma, akanitazama kwa huruma.

"Walaal, ndugu yangu, nimebeba ngamia mgonjwa, nimebeba bibi harusi, nimebeba askari mlevi. Wewe ndiye mzigo wa kwanza unaonifundisha kuendesha."

Akanipa chai kutoka kwenye chupa yake, akaendesha taratibu zaidi, ingawa alidai ni kwa sababu ya tairi.

Kakuma tulipokelewa na dada na jirani yake. Huyu ni mama wa Sudan Kusini, mrefu hadi anainama kuingia hotelini, mshirika wa kwanza wa dada kwenye kile kikundi. Alikulia kando ya Naili, na katika wanawake wale watano ni yeye peke yake aliyewahi kuona samaki kabla hajakatwa. Dada alikuwa anakagua mapipa kwa macho tu, kama anayekagua mboga sokoni. Jirani aliingiza mkono majini, akaushikilia hapo, akatazama. Nikaona macho yake yakimfuata mmoja mwembamba, kisha mwingine. Akanigeukia.

"Akhui, ndugu yangu," akaniambia polepole, "wewe ulisema umetoa wote?"

Nikasema karibu. Akautoa mkono, akaukausha kwenye khanga, akamwambia dada kwamba samaki ni wazuri sana, waingizwe upesi. Kwangu alisema tu kwamba yeye siku hizi haoni vizuri, ni vumbi la Kakuma.

Alhamisi afisa alikuja, na kofia, na ubao wa kuandikia. Wazee watatu walikuja. Vijana wa pikipiki walikuja wote, injini zikinguruma, kwa sababu kijana wa pikipiki hazimi injini hata akija matangani. Wakajipanga kandokando ya bwawa, jua likiwa nyuma yao, vivuli vyao virefu vimelala juu ya maji. Afisa akainama kutazama. Tukainama wote.

Maji ya kijani. Yametulia. Hakuna hata povu.

Afisa akauliza samaki wako wapi. Dada akasema wamo. Akatupa konzi ya chakula, ikaelea, ikaenda na upepo hadi ukingoni. Afisa akachukua fimbo akakoroga. Hakuna. Akasogea mbele ukingoni, umati ukaenda naye, vivuli vikaenda nao. Hakuna.

"Mama," kijana mmoja akasema, kwa heshima kabisa, "hongera. Umefuga maji."

Walicheka. Afisa hakucheka, lakini alifungua kalamu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Dada alinitazama. Nimemwona dada yangu akifukuzwa mara nne, na kila mara alikuwa na matusi ya kutosha safari nzima. Siku hiyo hakuwa na neno. Alidhani wamekufa. Alikuwa tayari anatazama jiko, nikajua anapima namna ya kulibeba.

Nami ndiye niliyejua. Nilijua tangu kivuli cha kwanza. Wapo, wote, chini kabisa, wamebanana kwenye kona yenye kivuli cha ukuta, kwa sababu niliwaletea walimu wa mtoni wakawafundisha kwamba kivuli ni kifo, nao walifaulu mtihani huo vizuri kuliko nilivyofaulu wowote. Kundi zuri kabisa, zuri hadi halionekani, na kwa uzuri huo dada yangu anapoteza kiwanja.

Nikasema, "Kaeni chini."

Hakuna aliyenisikia kwa sababu ya injini. Nikasema tena. Afisa akanitazama kama anatazama kiti kilichoongea, jambo ambalo mama angeliona la haki. Akasema amekuja kufanya kazi, ana mabwawa mengine ya kukagua. Nikamwambia kazi yenyewe ni kukaa, na mimi nina uzoefu wa miaka mingi. Wazima injini, wakae, wasiegemee mbele, waongee kama wako kanisani.

Yule mama wa Sudan Kusini hakungoja afisa aamue. Alileta mitungi ya maji mitupu, akaigeuza, akakaa wa kwanza, na mtu mrefu namna ile akikaa, waliosimama huonekana wapumbavu. Wazee wakakaa kwa furaha, walikuwa wanangoja mtu aseme. Afisa akakaa mwisho, ubao kwenye magoti. Injini zikazimwa moja moja.

Tulikaa. Upepo wa Kakuma ulipita na vumbi lake. Kijana mmoja akasinzia. Afisa akatazama saa, akaitazama tena. Dada hakuwa ameketi kwenye mtungi, alichuchumaa chini, mikono kinywani.

Kwanza alitoka mmoja. Mwembamba, wa fedha, mwenye mstari ubavuni, akatoka kwenye kivuli cha ukuta urefu wa kiganja, akasimama, akarudi. Kisha wakatoka wanne. Wakapita juu ya ile karatasi nyeusi kama sindano zinazoshona, wakageuka pamoja, na nyuma yao maji yakaanza kuwa na migongo. Ngege. Kumi, kisha siwezi kusema wangapi, wakubwa kidogo sasa, wanene, wanakwenda mahali mikia myembamba inapokwenda, kulia, kushoto, kundi moja linalopinda kama kitambaa. Walipofika kwenye chakula kilichoelea mambo yakabadilika. Ngege wakatangulia na midomo yao, na wembamba wakafuata nyuma yao kula.

Dada alitoa pumzi ambayo nadhani aliishika tangu siku pampu ilipoletwa.

"Wapo," afisa akasema. Kisha akasema lile nililokuwa naliombea asiseme. "Na hao wembamba ni nini?"

Dada akageuka polepole. Kuna mtazamo mtu hupewa mara moja maishani, na mimi nimepewa wangu. Ningeweza kusema waliingia na maji, lakini maji yanatoka kisimani, na hakuna samaki anayekaa kwenye bomba. Kwa hiyo nikasema ukweli, kwa sababu uongo ungehitaji kupangwa.

"Hao ni mbuzi."

Mzee mmoja ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka akalishika goti la mwenzake. Hakuhitaji maelezo, lakini nilieleza hata hivyo: mdiria, kondoo, fisi, mama. Afisa alisikiliza bila kuandika. Mwisho akasema yeye alichunga mifugo ya baba yake kule Lokori hadi alipotolewa kundini akapelekwa shule, na mbuzi wa mbele kwenye kundi lake alikuwa na sikio moja. Kisha akafanya jambo la ajabu. Alisimama. Kivuli chake kikaanguka majini, wembamba wakatoweka, na kabla hujapepesa macho ngege wote wametoweka nyuma yao. Akakaa. Tukangoja. Wakarudi. Akasimama tena. Afisa wa samaki, na kofia ya serikali, alisimama na kukaa mara tatu, na mara ya tatu hata yule kijana wa "umefuga maji" alikuwa akimwambia mzee aliyetaka kusimama angoje zamu.

Ndipo akaandika. Akasoma kwa sauti ili wazee wasikie: samaki wapo, wako hai, wanaendelea vizuri, kiwanja ni cha kikundi. Dada alikaa chini kabisa mchangani. Afisa akaendelea: samaki wa mtoni si halali bwawani, watolewe wote kabla hajarudi baada ya mvua. "Na aliyewaingiza," akasema, kalamu ikinielekea, "ndiye atakayewatoa. Hapa hapa. Asirudi Lodwar kabla hajamaliza."

Hivyo ndivyo mtu wa nyumbani alivyohukumiwa kwenda nje.

Mama alipopata habari hakusikitika hata kidogo. Wiki iliyofuata yule Msomali alisimamisha pikapu mbele ya hoteli, akashusha kiti changu. Alisema bibi mmoja wa Lodwar ametuma ujumbe pamoja nacho, kwamba sasa watoto wake wote wawili wako Kakuma. Nimekiweka kando ya bwawa upande wa ukuta, mahali ambapo kivuli changu hakifiki majini. Redio na simu zinaletwa huku huku. Vijana wa pikipiki walipata mahali pengine karibu na barabara, na huniletea simu zao zilizoingia maji, ambazo ni nyingi.

Wageni huja kutazama. Mmoja, wa fulana yenye maandishi, alipiga picha nyingi akasema samaki hawa wanatufundisha jamii mbalimbali kuishi kwa amani, kwa kuwa Kakuma hata mbuzi akipiga chafya ni somo la amani. Yule mama wa Sudan Kusini alikuwa akipara magamba karibu. Alimwambia, bila kuinua kichwa, kwamba wanaogelea pamoja ili mwingine aliwe kwanza. Mgeni hakuliandika hilo.

Mvua zimekuja na zimekwisha. Ngege wamekua, wamewapita walimu wao kimo, na hawawafuati tena. Wanakwenda peke yao, wakubwa na wakubwa, wazito kama wenyekiti. Kila siku dada huniuliza mbuzi wamebaki wangapi, nami humjibu wachache. Ni kweli natega chandarua. Natega asubuhi, naketi, na chandarua kinaketi.

Jana alikuja na sufuria ya chai, miguu imejaa vumbi jeupe, kwa kuwa mafundi walikuwa ndani wanamwaga sakafu ya saruji. Alikaa chini kando ya kiti. Alikuwa amepigiwa simu, afisa anakuja Jumanne. Tulingoja, naye sasa anajua kungoja. Wembamba walitoka kwenye kivuli cha ukuta, wa rangi ya fedha, wenye mstari, na nyuma yao kulikuwa na vumbi dogo majini ambalo nilimwonyesha kwa kidole bila kuinua mkono. Vifaranga wa ngege, waliozaliwa humu humu, wadogo kama mbegu za nyanya, wanakwenda mahali mikia ilipokwenda. Kunguru akapita juu. Bwawa likafunga duka.

Dada alikunywa chai yake kwanza.

"Wamebaki wangapi, hao wa mto?"

"Wanne," nikasema.

"Mimi nimeona kumi na tano."

Nikakitazama chandarua. Akasimama, akapangusa saruji kwenye khanga, akatazama ndani ya hoteli alikoitwa na fundi.

"Jumanne useme wanne," akasema. "Na umwambie kutoa hao wanne, itachukua muda."